Mipira Arobaini na Minne Isiyodunda

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa mipira mitatu, filimbi moja na ufunguo wa stoo. Nilihesabu mipira, ikawa mitatu. Nikahesabu tena huku nikiibonyeza, ikawa miwili na nusu, maana mmoja ulikuwa unavuja kwenye mshono. Afisa Utamaduni wa Wilaya, mtu mpole ambaye sikuwahi kumwona akitembea haraka, alinisubiri.

"Umemaliza, bwana mdogo?"

"Nimemaliza, mzee. Hati inasema mitatu. Siwezi kusaini mitatu."

"Sasa unataka kusaini mingapi?"

"Miwili, na mmoja mgonjwa."

Aliandika hivyo hivyo, "na mmoja mgonjwa," nami nikasaini. Hapo ni Tunduru, na mshahara wangu wa kwanza ulikuwa bado mwezi mzima mbele.

Vijana wa leo wanaposikia "Afisa Utamaduni" hudhani kazi ilikuwa kukaa jukwaa kuu na kupiga makofi. Ofisi ile ilibeba kila kilichopigwa, kilichochezwa na kilichoimbwa: ngoma, kwaya, netiboli na mpira wa miguu. Mwaka wangu wa kwanza niliumaliza juu ya baiskeli nikiandikisha vikundi vya ngoma. Kuandikisha kulikuwa na maana ya kwenda kijijini, kumwona kiongozi wa kikundi, na kuhesabu ngoma zake moja moja. Kiongozi mwenye ngoma nne alipenda kuandikwa sita, nami nilipenda kuziona. Tulikubaliana nne.

Katika safari hizo nilifika Mbesa, na Mbesa ndiko nilikomkuta Mwalimu Saidi. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwembamba, na sauti yake ilikuwa ya chini kiasi kwamba darasa lilinyamaza ili limsikie. Kila jioni baada ya swala ya alasiri alikuwa na watoto uwanjani. Nilichokiona pale kilinifanya niegemeze baiskeli. Watoto walikuwa ishirini na wawili, na mipira ilikuwa ishirini na miwili. Nilihesabu mara mbili, kama kawaida.

Ilikuwa mipira ya chandimu, yaani soksi kuukuu iliyoshindiliwa matambara na kukazwa kwa kamba ya katani. Mwalimu Saidi alikuwa na sharti moja la kujiunga: njoo na mpira wako, umeufunga mwenyewe.

"Kwa nini usiombe mpira wa ngozi wilayani, Mwalimu?" nilimwuliza.

"Ukinipa mmoja, Bwana Utamaduni, mmoja atacheza na ishirini na mmoja watatazama. Mimi siwafundishi kutazama. Hilo Mungu keshawajalia."

Nikaiweka kauli hiyo akibani.

Baadaye nilihamishiwa Namtumbo, wakati huo ikiwa bado ndani ya Songea Vijijini, kisha nikaitwa mkoani, Songea mjini, kuwa msaidizi wa Afisa Michezo wa Mkoa. Ndiyo ilikuwa miaka ya biashara kuachiwa huru. Timu zilizokuwa zikilelewa na mashirika ya umma zilibaki yatima, na kila mwenye malori alitamani kuitwa mfadhili. Mfadhili ni mtu anayekupa jezi na usafiri, kisha anakupangia kikosi. Wa kwetu alikuwa mfanyabiashara wa mahindi na tumbaku, na mji mzima ulimwita Tajiri, naye hakukataa.

Mwaka nitakaousimulia, mkoa ulitakiwa kupeleka timu ya vijana chini ya miaka kumi na sita kwenye mashindano ya kanda. Tajiri alitoa lori la safari, jezi na kocha. Kocha huyo aliitwa Benedikto, kijana wa mjini hapa hapa, amesoma kozi ya ukocha Dar es Salaam, ana cheti chenye mhuri na traksuti ya buluu. Bosi wangu, Afisa Michezo wa Mkoa, alikuwa mtu wa vyeti. Aliamini kisicho na mhuri hakijatokea.

Mimi nilimtaka Mwalimu Saidi. Lakini huwezi kuingia ofisini kwa bosi na kusema "namtaka," ukaishia hapo. Nilihitaji hesabu.

Nitaeleza nilivyofanya, labda itamfaa kijana fulani aliye kwenye kamati. Kocha hachaguliwi kwa kumsikiliza. Makocha wote wanajua kuongea. Anachaguliwa kwa kumtazama mtoto wake mmoja. Nilijaza punje za mahindi mfuko wa kulia wa koti, nikakaa kando ya uwanja, nikamchagua mtoto wa katikati, si hodari na si goigoi, maana hodari hujifundisha mwenyewe. Kila alipogusa mpira nilihamisha punje moja kwenda mfuko wa kushoto. Baada ya saa moja nikahesabu mfuko wa kushoto. Siku nyingine nikarudia kwa maharage, ili mkono usikumbuke jibu.

Mazoezi ya Benedikto yalikuwa mazuri kuyatazama. Watoto walikimbia kuzunguka uwanja, wakapanga mstari, wakasubiri zamu kwenye mpira mmoja wa ngozi. Mtoto wangu aliugusa mara tisa. Maharage yalisema kumi. Nikaomba ruhusa, nikaenda Mbesa na koti lile lile, na kabla ya nusu saa punje zikaniishia. Nikawa nazirudisha mfuko wa kulia na kuanza upya.

Nilipeleka hesabu kwa bosi, naye alisoma mpaka mwisho bila kuinua kichwa.

"Kwa hiyo unanishauri nimwache mtu mwenye cheti, nimchukue mwalimu wa soksi, kwa ushahidi wa mahindi?"

"Na maharage, mzee."

"Na lori la Tajiri je?"

"Lori litakwenda atakapoona ushindi. Tufanye hivi. Kila mmoja achague vijana kumi na mmoja kutoka mchujo wa mkoa, awe nao wiki tatu, kisha wacheze. Atakayeshinda apewe timu."

"Nawe unaweka nini mezani? Wenye maneno ni wengi hapa."

Sikuwa na kitu cha kuweka ila kituo changu. Mke wangu alikuwa amepata kazi hospitali ya mkoa, na tulikuwa tumejenga msingi wa nyumba Mshangano. Nikaweka hicho.

"Mwalimu Saidi akifungwa, nirudishe Tunduru."

Bosi akachukua kalamu. "Kuhesabu ngoma," akasema, akaandika.

Mchujo, ile siku ya kuwapepeta vijana wa mkoa mzima, ulipita salama. Mwalimu Saidi alikuja na ruhusa ya shule yake na gunia la soksi. Wiki tatu alifundisha kwenye kiwanja cha shule moja pembeni ya mji, kila kijana na mpira wake. Vijana wa Songea mwanzoni walimcheka. Wiki ya pili nikawakuta wanagombania kamba ya katani.

Siku ya mechi uwanja ulikuwa mkavu kama sakafu. Ilikuwa Julai, ile baridi ya Songea inayomfanya mtu aone wivu kwa mwenye traksuti. Tajiri alikaa katikati, bosi kulia kwake, mimi kwenye benchi la nyuma nikiwa na koti langu.

Dakika za mwanzo, kijana wa Benedikto alipiga mpira mrefu wa juu. Kipa wa Mwalimu Saidi aliinama vizuri kabisa, magoti pamoja, mikono chini, kama alivyofundishwa. Mpira ukatua mbele yake, ukadunda, ukampita juu ya kichwa, ukaingia golini peke yake. Kipa alibaki ameinama akiusubiri.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mpira wa matambara haudundi. Unatua na kukaa. Nilikuwa nimehesabu miguso yote iliyokuwapo, hata mara moja sikuhesabu ile isiyokuwapo.

La pili lilikuwa pacha wa la kwanza, safari hii beki akiusubiri mpira ufe miguuni pake. Tajiri akageuka nyuma.

"Bwana Utamaduni, hao umewatoa kwenye kikundi gani cha ngoma?"

Benchi zima likacheka. Nami nikacheka kidogo, ili nisikae peke yangu.

Kipindi cha pili Mwalimu Saidi hakupiga kelele. Aliwaita, akawaambia jambo moja, nikalisikia kwa kuwa nilikuwa nimesogea: "Msiuache utue. Uchukueni hewani, au chini kabisa." Wakaanza kupeana pasi za chini, fupi, mguu kwa mguu. Nilihesabu pasi tisa kabla ya bao lao, na katika zote tisa vijana wa Benedikto hawakuambulia ila vumbi. Bao likawa moja. Wakaendelea kuwazungusha mpaka watazamaji wakaacha kuongea mambo ya bei na kutazama mpira. Lakini filimbi ililia mbili kwa moja.

Bosi alisimama, akavuta koti lake sawasawa. "Ahadi ni ahadi," aliniambia. Tajiri akampungia Benedikto aje kupokea pongezi.

Benedikto alikuja taratibu.

"Shikamoo, mzee. Shikamoo, Tajiri. Naomba kusema neno moja."

"Sema, mshindi," Tajiri akamwambia.

"Mabao yangu mawili hayakufungwa na wachezaji wangu. Yamefungwa na kipande cha ardhi. Wale watoto wakishajua kuwa mpira unadunda, wiki ijayo watanifunga sita."

"Kwa hiyo unataka nini?" bosi akauliza.

"Mwalimu awe kocha mkuu. Mimi nikae benchi lake. Yeye ana kitu ambacho kozi haikunifundisha. Na mimi nina kimoja ambacho yeye hana, kimedunda leo mara mbili."

Tajiri hakupenda. "Hiyo traksuti niliinunua mimi, Benedikto."

Benedikto akashika zipu, akaishusha, akaivua pale pale, akaikunja vizuri na kumwekea magotini. Ndani alikuwa na fulana tu, na upepo wa Julai ulikuwa ukipita.

Bosi alimtazama, akamtazama Tajiri. Mtu wa vyeti alikuwa amemwona mtu mwenye cheti akikiweka chini, na nadhani jambo hilo lilimgonga kuliko punje zangu zote.

"Vaa, bwana, utaugua," alimwambia. Kisha kwa Tajiri, kwa adabu: "Mfadhili, lori tunalihitaji. Kocha tumempata."

Tajiri alikuwa mfanyabiashara wa kweli. Aliangalia watu waliokuwa wakimzunguka Mwalimu Saidi kumpa mkono, akapima. "Jina langu libaki kwenye jezi," akasema. Likabaki.

Mwalimu Saidi alipoambiwa, alimshika Benedikto bega. "Alhamdulillahi. Kesho asubuhi uje na wa kudunda, mimi nije na wa kulala."

Nilidhani mambo yameisha vizuri. Jumatatu bosi aliniita.

"Kocha uliyemtaka umempata. Lakini kituo ulikiweka mezani, na timu yake ilifungwa."

"Ni kweli, mzee."

"Tunduru kuna ngoma hazijahesabiwa tangu uondoke."

Nilijaribu kupunguza. "Niondoke baada ya mashindano."

"Hapana."

"Basi niondoke na mpira mmoja wa ngozi."

Alifikiri. "Kachukue ule mgonjwa uliousainia Tunduru."

Nilishona mshono wake mwenyewe kwa sindano ya magunia. Mke wangu alibaki Songea na msingi wetu, nami nikakaa Tunduru mwaka mzima na miezi miwili. Kila jioni nilipoweza nilifika Mbesa kwa watoto ambao Mwalimu wao alikuwa mkoani. Robo tatu ya muda walicheza na mipira yao ya matambara. Robo ya mwisho nilitoa ule wa ngozi, nikawa naurusha juu na kuwafundisha jambo moja tu ambalo nilijua kwa uhakika, kwa sababu lilinihamisha.

Matokeo ya kanda yalinifikia kwa barua ya Benedikto. Timu ilikuwa ya pili, nafasi ambayo vijana wetu hawakuwa wameifikia kabla ya hapo. Sijui kama nilisoma mabao kwanza. Nilisoma mstari wa chini: "Kijana wa katikati, kwa mahindi na kwa maharage, nimehesabu mara mbili, kama ninavyoambiwa ulifanya wewe. Punje hazitoshi." Barua hiyo ninayo mpaka leo.

Kutoka kikosi kile watatu walicheza mpira mkubwa. Mjini watawaambia watano. Wawili kati ya hao watano nimewafuatilia, walikaa benchi tu. Lakini watatu kutoka kwenye gunia la soksi si haba. Waliobaki wakawa mafundi, madereva, walimu, na mmoja ni muuguzi Mbesa, na wote bado wanajua kutuliza mpira, yaani kuupokea ukatii mguuni. Nimewaona kwenye mechi za maveterani. Ndiyo fahari yangu, na sitaki punguzo juu yake.

Nilistaafu nikiwa Songea, nyumba ya Mshangano ikiwa imeshapauliwa. Siku ya makabidhiano alikuja afisa kijana, shahada mkononi, kalamu mfukoni. Tukaingia stoo. Aliandika mipira ya ngozi, koni, jezi, nyavu. Alipofika kwenye magunia mawili ya pembeni akafunga daftari.

"Haya matambara tutayatupa, eh, mzee?"

"Hayo ni mipira. Fungua, hesabu."

Alihesabu kwa kunistahi. "Arobaini na mitatu."

"Tena."

Akahesabu tena, sasa akiitoa mmoja mmoja. "Arobaini na minne." Aliuangusha mmoja sakafuni. Ukatua, ukakaa pale pale. "Lakini, mzee, haidundi."

"Najua. Mwaka mmoja na miezi miwili nilikaa Tunduru kwa sababu hiyo. Iandike, kisha nisaini."

Alinitazama kuona kama natania, nami niliweka kalamu juu ya meza na kukunja mikono. Muda wangu ulikuwa mwingi. Nilikuwa mstaafu tangu asubuhi ile. Mwishowe akafungua daftari, akaandika chini ya ile ya ngozi: mipira ya matambara, arobaini na minne, mizima.

Nikasoma mara mbili. Nikasaini.