Jiko Ndani ya Kabini

Madereva wenzake walimwita Kobe kwa sababu hakuwahi kumpita mtu mlimani. Walipomcheka aliwajibu kwamba kobe huchelewa, lakini hufika na gamba lake. Miaka mingi aliendesha lori la mizigo, akila vyakula vya kando ya barabara vilivyojaa mafuta na pilipili, hadi tumbo likamgomea. Daktari alikuta vidonda. Akamwambia achague: chakula laini cha kupika mwenyewe, au kisu.

Mkewe, fundi cherehani, ndiye aliyemkokota dukani kutafuta jiko la safari. Muuzaji aliwapangia majiko matatu mezani. La gesi lilikunja miguu yake likaenea kiganjani. Mke akalipenda palepale. La spiriti lilikuwa jepesi kama kikombe, ila kuchemsha maji lilijivutavuta. La tatu lilikuwa la mafuta ya taa, la shaba, la kupampu.

"Chukua la gesi," mkewe alisema. "Halinuki, halina masizi."

"Na mtungi ukiniishia porini, nitapikia maneno?"

"Kweli, shemeji," muuzaji alimwambia mke. "Vimtungi hivi ukitoka mjini huvipati. Mafuta ya taa yapo kila mahali." Kisha akamgeukia Kobe. "Ila pikia nje, bwana. Ndani ya gari, hapana. Moto unakula hewa."

"Nimesikia," Kobe alisema, naye tayari anajaribu pampu.

Jiko lilimfaa. Alipika viazi na wali laini kando ya tairi, tumbo likatulia. Mkewe alilazimika kumpanulia viuno vya suruali, na kila mteja aliyeingia alionyeshwa suruali hizo.

Kisha zikaja mvua. Huko nyanda za juu mlima uliporomoka ukafunga barabara, malori yakasimama mkia kwa mkia. Baridi ilikuwa ya kuuma mifupa. Kobe alijaribu kuwasha jiko nje, upepo ukalizima. Akawasha tena, likazima tena. Mwishowe akalipandisha kabini, akafunga vioo. Chakula kilipoiva hakulizima. Alitaka joto kidogo.

Alasiri dereva wa lori la nyuma alikuja kuomba chumvi. Akagonga, kimya. Vioo vilikuwa vimejaa ukungu. Akachungulia pembeni palipobaki wazi, akamwona mwenzake amelalia usukani, mdomo wazi. Alivunja kioo kwa spana, akamvuta hadi kwenye matope. Alikuwa bado anapumua. Lakini barabara ilikuwa imefungwa mbele na nyuma, wakambeba kwa turubai kupita kwenye maporomoko, wakipokezana, hadi palipokuwa na gari.

Hakufa. Daktari alimweleza mke polepole kwamba ubongo ulikosa hewa muda mrefu, na kilichopotea hakirudi. Vidonda vya tumbo, alisema, vilikuwa vimepona kabisa.

Yule dereva alipokuja kumjulia hali, mke alimuuliza jambo moja tu.

"Ningeng'ang'ania la gesi, je?"

"Kwa vioo vile, shemeji, lingefanya hayohayo. Na baridi ile, hata mimi ningefunga."

Mke alikuwa amejiandaa kulaumu jiko, au muuzaji, au yeye mwenyewe. Jibu lile lilimwacha mikono mitupu. Alilia mgeni alipoondoka.

Lori limepewa mtu mwingine. Mke ameisogeza cherehani kutoka kibandani hadi sebuleni, ashone huku akimwangalia mumewe. Humlisha kwa kijiko, kwa kuwa mikono yake hutetemeka. Jina la utani hulitambua akiitwa, ila la mkewe humponyoka.

Asubuhi nyingi Kobe huamka kabla ya mkewe, akavaa viatu, akaenda kusimama mlangoni.

"Leo hakuna safari, baba," mkewe humwambia, akimshika mkono.

Siku nyingine hukubali, akakaa, akavuliwa viatu. Siku nyingine humtazama kwa hasira, kama anavyotazamwa askari wa kizuizi cha barabarani anayekunyima njia, wala haondoki pale mpaka jua liwe kali.