Wageni wa Jumatano na Jumamosi

Nikiri tu, nilijitangaza mtaalamu wa Google mbele ya watu wazima.

Mama analima zabibu Makutupora, nami nikamtengenezea tovuti. Kila ukurasa niliujaza "zabibu tamu za Dodoma", ili anayetafuta atuone kwanza. Miezi miwili hakuingia mtu. Kisha ghafla, kila Jumatano na Jumamosi jioni, wageni wakaanza kumiminika! Nikajua mkakati wangu umekubali.

Nikaomba nafasi kwenye kikao cha wakulima wenzake. Nikawaamkia shikamoo, nikafungua kompyuta, nikawaonyesha mchoro wa wageni unavyopanda. Kifua mbele, mwanaume!

"Google inatupenda zaidi siku hizi mbili," nikasema. "Sababu yake ni ya kitaalamu kidogo."

Mama akainamisha uso, akaanza kukunja na kukunjua kitenge chake. Bibi mmoja wa mstari wa mbele akanyoosha mkono.

"Mwanangu, hizo ni siku zetu za mazoezi ya kwaya. Mama yako ndiye kiongozi, na hatuimbi mpaka kila mmoja afungue zabibu zako kwenye simu. Anasema siku usipopata mgeni, huli."