Hodi ya Kulwa kwenye Mteremko wa Kabungu

Sisi tuliokulia Mpanda kabla lami haijatufikia tulikuwa na magari yetu wenyewe. Baba hakutununulia, tuliyaunda. Ubao mmoja wa kukalia, ubao mwingine wa kukingama mbele kama usukani, na beringi nne kuukuu tulizookota nyuma ya gereji za malori baada ya mafundi kuzitupa. Magurudumu yalikaa nje, peupe. Hakuna bodi, hakuna bampa, hakuna kitu kati ya paja lako na barabara. Gari la beringi likishuka mteremko wa Nsemulwa lilipiga kelele ambayo wenzangu wa rika langu, wakisoma hapa, wataisikia hadi kwenye meno. Mama yangu aliisikia akiwa jikoni anapepeta mchele, na alikuwa na neno moja tu juu ya jambo hilo: "Suruali haioti shambani, we mtoto." Nami nilikuwa nimebakiwa na moja.

Tulirudi nyumbani jioni wekundu kama matofali, magoti yamechubuka, tumbo limeshika mgongo, tukakuta ugali na kisamvu cha karanga. Tulikula kwa mikono ambayo leo mama wa mjini angeipeleka hospitali.

Kwenye gari la beringi nilikuwa bingwa. Nasema bila haya, maana waliokuwepo bado wapo. Siri ya mchezo ule ilikuwa kutogusa. Beringi yako ikigusa ya mwenzio mnapaa wote wawili, na kutua ni kwa kidevu. Ufundi wote ni kupenya. Mimi nilipenya mahali ambapo mbuzi angefikiria mara mbili.

Sasa juzi wajukuu zangu wawili, Revocatus na dada yake Leokadia, walikuwa wamelala kwenye mkeka wanatazama mbio za magari za Ulaya na Marekani kwenye simu. Wakaanza kubishana. Je, bingwa wa yale magari mepesi yenye magurudumu nje, akihamia kwenye yale mazito yenye bodi kama gari la mtu wa kawaida, yanayokwenda yakigongana bati kwa bati, atashinda?

"Bingwa ni bingwa," Revocatus akasema. "Hata umpe trekta."

"Thubutu. Atapigwa kumbo moja tu, aanze kumwita mama yake," Leokadia akamjibu.

Wakabishana hadi chaji ikaisha. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuendesha kitu kwa kiungo kingine zaidi ya kidole gumba, na hakuna aliyefikiria kumuuliza babu. Basi naandika. Jibu ninalo, na kovu lake liko goti la kushoto.

Kule Kabungu alikuwepo Fundi Masanja, Msukuma aliyekuja na ng'ombe wa baba yake kutoka kaskazini. Ng'ombe wakaisha, yeye akabaki na msumeno. Alitengeneza mikokoteni ya ng'ombe, na wakulima wa mpunga wa Mpimbwe walimfuata hadi huko, mbali kote huko, kwa sababu mkokoteni wake haukufa njiani. Kila mwaka baada ya mavuno alichukua mwanafunzi mmoja. Mmoja tu. Hakuuliza cheti, hakuuliza kabila, hakuuliza baba yako nani. Alisema anayetaka kuunda mkokoteni lazima kwanza akae ndani ya kitu alichokiunda kwa mikono yake, kikiwa kinakimbia na kinagongwa. Kwa hiyo vijana waliunda magari wakashindana kwenye mteremko wa Kabungu Jumapili mbili, baada ya misa. Jumapili ya kwanza ya kujaribu, ya pili ya kuamua nani apate nafasi.

Nafasi ile niliitaka kuliko chakula. Shule niliacha darasa la tatu. Sikuwa mjinga, ila baba alifariki na jembe likakosa mtu. Nikiwa na miaka kumi na minne nilikuwa nalima vibarua ili mama na wadogo zangu watatu wale, na mgongo ulishaanza kunipinda. Bila ufundi ningelima shamba la mtu mwingine hadi nizikwe pembeni yake. Hilo nililijua bila kufundishwa na mwalimu.

Nikaenda Kabungu kwa miguu, nyundo kiunoni, nikafikia kwa mama mdogo Sesilia. Nikakuta magari yao siyo yetu. Beringi kule zingemezwa na vumbi. Yao yalikuwa masanduku: magurudumu ya gogo la mninga, yamefichwa ndani ya bodi ya mbao iliyovikwa bati la debe, mazito kama jeneza la tajiri. Na kugongana kuliruhusiwa. Sharti lilikuwa moja tu, kabla hujamgonga mwenzio kwa nyuma lazima upige hodi. Ukigonga bila hodi, wewe ni mshenzi, unatolewa. Ukipiga hodi, hata ukimrusha mtu mtaroni, umefanya kistaarabu.

Bingwa wao waliyemtegemea mwaka ule aliitwa Kulwa, kijana wa Kisukuma mwenye mabega kama mlango. Alinitazama nikipigilia bati langu, akacheka.

"We ndiye bingwa wa mjini?"

"Ndiye mimi."

"Huko kwenu nasikia mnakwepana kama wakwe."

"Tunakwepana kwa sababu tuna akili," nikamwambia.

"Sawa. Huku hatukwepani. Huku tunatembeleana."

Jumapili ya kwanza nilianza vizuri. Nikawapita watatu kwa kupenya, kama nilivyozoea, na watu waliotoka kanisani wakaanza kuuliza huyu mtoto wa nani. Nikasikia nyuma yangu: "Hodi." Mwili wangu ukafanya kile ulichofundishwa Nsemulwa. Ukakwepa. Nikavuta kamba ya usukani kulia ili nisiguswe, Kulwa akanikuta nimekaa upande, akanigonga ubavuni, nikaingia kwenye matuta ya viazi pamoja na gari. Hapo ndipo goti lilipopasuka. Juu ya hayo nilikuwa nimepaka ekseli mafuta ya mawese, kama tulivyopaka beringi nyumbani, na vumbi la Kabungu lilikuwa limeyageuza ugali. Lile gari lisingefika hata bila Kulwa.

Fundi Masanja akaja taratibu, akanisimamia juu ya tuta.

"Nyanda," akasema, maana kwao kijana anaitwa hivyo, "umekuja kutafuta kazi au viazi?"

Watu wakacheka. Sikulia. Nilibaki nimelala pale nikitazama mbio zikiisha, na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho vijana wa Kabungu, pamoja na ubabe wao wote, hawakuwahi kukiona. Kulwa alipomgonga mmoja aliyekuwa mbele yake, na yule akawa amenyooka kwa bahati tu, gari la aliyegongwa liliruka mbele na la Kulwa likapoa. Nguvu ilihama. Mgeni alileta zawadi, kisha akarudi mikono mitupu. Wote walikuwa wanarushwa mtaroni kwa sababu wote, wakisikia hodi, walishtuka.

Wiki nzima nililima shamba la mama mdogo huku nikizungumza na nafsi yangu. Usishtuke. Nyooka. Mkaribishe. Mawese nikayakwangua kwenye ekseli, nikasugua sabuni ya mche, kavu, maana sabuni kwenye mbao inateleza na haishiki vumbi. Mama mdogo akatoka uani ameshika kipande kidogo kama kokwa.

"Nani amekula sabuni yangu?"

"Gari, mama mdogo."

"Gari limeota meno?"

"Limeota ekseli."

"Basi ekseli zako zitanifulia mashuka. Na usiposhinda hiyo Jumapili, utafua wewe mpaka Pasaka."

Jumapili ya kuamua watu walikuwa wengi kuliko waliokuwa ndani ya kanisa. Tulipoachiwa, sabuni ilifanya kazi yake. Gari liliteremka kimya, limenyamaza kama paka, nami nikapenya mmoja, wa pili, wa tatu. Ule ufundi wa beringi haukupotea hata kidogo. Jicho linalopima upana wa vidole viwili kwenye mwendo ni lilelile, uwe umekaa kwenye ubao au ndani ya sanduku. Chini ya mteremko kulikuwa na tambarare, hapo ndipo magari yalipofia. Aliyetangulia hapo haikuwa lazima ashinde, kwa sababu alibaki akitambaa na wenye nguvu wakamkuta.

Nikaingia tambarare wa kwanza. Gari likaanza kupoa. Mstari ulikuwa mbele, karibu na rundo la magogo ya fundi, na nilijua kwa hesabu yangu ya darasa la tatu kwamba sitafika.

"Hodi, mtu wa mjini," Kulwa akasema nyuma yangu.

Nikageuza shingo mara moja tu. Nikaona pua ya gari lake inakuja upande wa kushoto kidogo. Nikasogeza kamba kiasi cha kidole, ili anikute katikati ya mgongo, nikanyoosha magurudumu, nikakaza meno.

"Karibu," nikamjibu.

Akanigonga. Wenzangu, sijawahi kupewa kitu kikubwa namna ile na mtu aliyenichukia. Gari liliruka likapita mstari, likapita magogo, likaenda kusimama mlangoni pa karakana ya fundi mwenyewe. Kulwa alikuwa amesimama nyuma kule tambarare, ameduwaa, kama mtu aliyegawa sadaka bila kukusudia.

Basi nyie mnaobishana kwenye mkeka, jibu ndilo hilo. Bingwa wa gari jepesi anaweza kushinda kwenye gari zito, tena akawaacha wenyeji midomo wazi. Jicho aende nalo, mkono aende nao, lakini woga wa kuguswa auache nyumbani. Asiyeweza kuuacha, akalime viazi.

Fundi Masanja hakunipongeza. Alizunguka gari langu, akatikisa gurudumu moja moja, akapitisha kucha kwenye ekseli, akainusa.

"Sabuni," akasema.

"Ndiyo, fundi."

"Na ile hodi uliipokea makusudi?"

"Makusudi."

Akafuta kucha kwenye nguo yake. Kisha akasema, "Kesho asubuhi uje. Uanze na msumeno, randa utaigusa mwakani."

Randa niliigusa mwaka uliofuata, kama alivyosema. Leo karakana ninayo, na mikokoteni yangu inabeba mpunga Mpimbwe, mahindi Litapunga, na tumbaku ya watu nisiowajua. Wadogo zangu wote watatu walimaliza shule. Wahandisi wamekuja hapa na kalamu zao masikioni kuniuliza kwa nini magurudumu yangu hayapasuki, nami nimewaeleza, wakaandika.

Ule mteremko siku hizi hauna mtoto. Wanapita wenye pikipiki wakiwa wamevaa vidude masikioni, na wakianguka wanajipiga picha kwanza. Siwalaumu, kila kizazi na vumbi lake. Ila ninawahurumia kwa jambo moja. Kijana wa leo akitaka kazi anaandika barua, anabandika picha, anapeleka, anasubiri, na mara nyingi anayepokea hata haifungui. Barua yangu mimi iliandikwa na magurudumu manne ya mninga kwenye vumbi la Kabungu. Upepo uliifuta kabla jua halijazama, lakini mtu aliyetakiwa kuisoma alikuwa ameshaisoma.