Siku Mama Mkwe Aliponisemesha

Kwetu Bukene, mwanamume na mama mkwe wake hawazoeani. Tangu nimwoe binti yake, mama yule hakuwahi kunitazama usoni. Tukikutana njiani, mmoja hupisha. Akiwa na neno nami hulipitisha kwa mtu mwingine, hata kama nimesimama palepale. Na mambo ya mwili ndiyo hayatajwi kabisa. Mimi niliona ni usumbufu mtupu, lakini mila ni mila.

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa vizuri, kisha akaanza kutapika matapishi ya kijani. Tumbo likamvimba, choo hakuna. Majirani wakasema ni chango, wakaleta mizizi ya kuchemsha. Mama mkwe aliikataa, akamtuma mke wangu aniambie nitafute gari la kwenda Tabora mjini. Hadi leo namshukuru kwa hilo.

Hospitalini, daktari wa upasuaji alitueleza kwamba kipande cha utumbo kilikuwa kimeziba tangu tumboni mwa mama. Wakakiondoa, wakaunganisha pande mbili zilizo nzima.

“Sasa tunangoja apate choo,” alisema. “Akipata, maungio yamekubali, ataanza kunyonya. Asipopata, itabidi tumfungue tena, na sijui kama ataweza.”

Mle wodini walikaa wanawake. Mimi nilishinda kwenye benchi la nje, na kila asubuhi mama mkwe alimtuma mwenzake mlangoni: “Mwambie huyo baba, bado.” Bado nini, hakusema. Watu walinipita wakiniambia subira yavuta heri, nami nilitamani kuwauliza inaivuta kwa kamba gani. Niliogopa sana. Nilishaanza kuwaza tutamrudishaje Bukene akiwa maiti.

Asubuhi moja nilikuwa nakunywa uji pale nje, nikamwona mama mkwe anatoka mwenyewe, kichwa wazi, kanga imeangukia begani. Nikainuka haraka, nikageuzia uso ukutani kama inavyotakiwa.

“Mkwe wangu, usigeuke! Tazama huku!”

Alikuwa ameikunjua nepi kwa mikono miwili, ameninyooshea mbele ya watu wote.

“Amekunya, baba! Amekunya, tena mengi!”

Nilitaka kusema asante, ikatoka shikamoo.

“Marahaba,” akaitikia, akinitazama machoni, na sote wawili tukaanza kulia.