Mlenda kwa Kiingereza

Walimu wakikusanyika, hakuna viumbe watundu kuwazidi. Kama hamuamini, wakalisheni kwenye madawati ya watoto, muwaambie kwamba kwa dakika arobaini zijazo wao ni darasa la tatu. Mwenye mvi atamficha mwenzake kalamu. Mama wa watoto wanne ataomba ruhusa ya kwenda chooni mara tatu.

Sisi tulikuwa walimu wa Kiingereza wa shule za msingi za Sepuka na vijiji vya jirani, kumi na wachache hivi, na tulikutana Jumamosi moja kila mwezi kwenye shule niliyokuwa nafundisha. Utaratibu wetu ulikuwa mmoja. Mwalimu mmoja anafundisha somo la mfano, sisi wengine tunakuwa wanafunzi, kisha tunamkosoa, kisha chai na mihogo ya kuchemsha. Kila aliyefundisha alitoka jasho, maana wanafunzi wa kuigiza hawana huruma. Wanauliza maswali ya kumkwamisha mwenzao ili wapate kucheka.

Bingwa wa maswali hayo nilikuwa mimi. Mwenyekiti wetu, mwalimu mnene mwenye sauti ya upole, alikuwa akiniona nimenyoosha kidole anaanza kutabasamu kabla sijafungua mdomo. Nilijivunia hilo kwa muda mrefu, na sasa linanitia aibu.

Siku ninayoikumbuka, zamu ilikuwa ya mwalimu mmoja aliyebakiza miaka miwili kustaafu. Sote tulimwita Mama, hata mwenyekiti. Alikuwa mwalimu pekee wa Kiingereza katika shule yake, kijiji cha ndani kwa njia ya mchanga. Kila zamu yake ilipotajwa alikuwa anasema yeye yupo kwenye kupika chai. Safari hii hakukwepa. Alikuja na ungo, mwiko, chungu, na kadi alizozikata kwenye maboksi ya sabuni akaziandika kwa mkono majina ya vyombo vya jikoni. Kiingereza chake kilikuwa cha polepole, kila neno amelipima kabla ya kulitoa. Alifundisha vizuri. Nayaona hayo leo. Wakati ule nilikuwa natafuta pa kuingilia.

Alipoinua mwiko nikanyoosha kidole. Nikasimama, mikono nyuma kama mtoto mwenye adabu zake.

"Mwalimu," nikasema, "mlenda kwa Kiingereza unaitwaje?"

Mlenda kwetu Singida ni mboga ya kila siku, na sijui ni nani aliyewahi kuuhitaji kwa Kiingereza. Mimi mwenyewe sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Lakini darasa zima liliangua kicheko, na mtu mmoja akawa anapiga dawati kwa kiganja. Mama akaushusha mwiko. Angeweza kusema hajui, mambo yakaisha. Ila walimu wa rika lake walifundwa kwamba mwalimu hasemi hajui mbele ya darasa, na sisi kwa wakati ule tulikuwa darasa. Akageukia ubao, akafuta mahali pasipo na kitu, akakusanya kadi zake. Chai hakunywa.

Mwezi uliofuata hakuja. Wiki tatu baadaye, mkutano mwingine ukikaribia, mwenyekiti akaja akaniita pembeni, akaniambia kwamba Mama ameandika barua ya kuomba aondolewe kwenye Kiingereza, apewe somo lolote jingine mpaka astaafu. Anamngoja tu mwalimu mkuu wake arudi kutoka likizo, amkabidhi.

"Na pale hakuna mwingine wa kulifundisha," alisema. "Watoto watabaki wanaangaliana na vitabu. Haya, bingwa, kalifikirie hilo."

Nililifikiria siku nne. Siku ya kwanza nilikasirika tu, nikajiambia mtu mzima haachi somo kwa sababu ya mlenda. Siku ya pili hasira ikaisha ikabaki aibu. Mbili zilizosalia nilikuwa nazunguka nikitafuta ujasiri wa kupanda pikipiki.

Nilimkuta uani kwake anapepeta alizeti, kwa ungo ule ule aliokuja nao darasani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu, mwalimu."

Siku zote alikuwa ananiita mwanangu. Nikalisikia pengo hilo, likaniuma. Akaingia ndani akanitolea kigoda, akarudi kwenye alizeti yake. Nikasema kilichonipeleka, kwamba nimemkosea na naomba anisamehe. Makapi yakawa yanapeperuka.

"Swali lako halikuwa baya," alisema mwishowe. "Watoto wangu wananiuliza hivyo hivyo kila siku. Nawaambia, mlenda ni wa kwetu, tuuite mlenda tu, hata huko kwa Kiingereza. Wanaridhika. Lakini siku ile mlivyocheka, nikasahau hata ninachokijua. Nikasema, kumbe miaka yote hii hata watoto walikuwa wananicheka."

Aliyasema kwa sauti ya kawaida kabisa. Afadhali angelia, ningekuwa na cha kufanya.

Mkoba wake ulikuwa umetundikwa mlangoni. Akaufungua, akanipa barua niisome, karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Kila sentensi ilikuwa imenyooka. Aliandika kwamba hana uwezo tena wa kufundisha somo hilo.

"Mwalimu mkuu anarudi Jumatatu ya wiki ijayo," alisema.

"Mama, nakuomba usiipeleke."

Akaichukua, akaikunja, akairudisha mkobani. "Jumamosi nitakuja," akasema. "Ila ufundishe wewe."

Nikiwa njiani ndipo nilipotambua kwamba tangu nianze kuhudhuria mikutano ile sikuwahi kufundisha somo la mfano hata moja. Zamu yangu ikikaribia nilikuwa na udhuru, na kwa kuwa nilikuwa nachekesha watu, hakuna aliyeona. Mimi ni mtoto wa Kintinku, nimekulia kando ya reli. Shuleni nilikaa dawati la nyuma, kichwa nimekiinamisha nyuma ya mgongo wa aliyenitangulia, nikiomba mwalimu asinione. Kiingereza kilikuwa kinanipita kama treni ya mizigo isiyosimama kituoni kwetu. Nilipokua nikagundua kwamba anayeuliza haulizwi, basi nikawa muulizaji.

Jumamosi ikafika. Nilikuwa na andalio la somo la kurasa tatu na hadithi niliyoitunga mwenyewe, ya mtoto anayesubiri treni. Niliisoma mbio mbio kwa sauti ya mtangazaji, kwa sababu niliogopa nikisita wataniingilia. Wakaniingilia vilevile. Mmoja akauliza treni inalala wapi, mwingine kama inapiga mswaki. Nikawajibu, wakacheka, nikapata moto. Vidole vilikuwa juu, nami nikawa nachagua tu vidole. Nilifika mahali nikaanza kufurahia.

Mama alikuwa amekaa nyuma kabisa, karibu na dirisha. Alipoingia nilimwamkia, kisha nikamsahau. Hadithi ilipoisha nikauliza nani hajaelewa, kama tunavyouliza wote, dasta tayari iko mkononi. Nikawa nageuka nifute ubao, jicho likamwangukia. Alikuwa amejificha nyuma ya mgongo mpana wa mwenyekiti, mikono chini ya dawati, anatazama mbao za dawati. Hata kalamu hakuwa nayo.

Mtoto yule wa dawati la nyuma nilimjua. Nilimjua vizuri kuliko nilivyowahi kumjua Mama.

Nikaiweka dasta, nikapita katikati ya madawati mpaka nyuma, nikachuchumaa mbele yake. Wenzangu walianza kucheka wakidhani ni mchezo, halafu wakaacha. Nikamuuliza kwa Kiingereza, polepole, amepotelea wapi.

Akanijibu kwa Kiingereza pia, akilipima kila neno, kwamba amepotea tangu mwanzo.

Kama alikuwa anaigiza au la, mimi sijui, na sikuthubutu kumuuliza. Nikasema basi tuanze tena. Nikaanza pale pale nilipochuchumaa, sentensi moja moja, nikimchorea reli kwa kidole juu ya dawati. Miguu ilikufa ganzi na mihogo ikapoa. Hakuna aliyenyoosha kidole kunikwamisha.

Tulipomaliza nikawaambia wote waandike sentensi tano za hadithi ile nitakazowasomea. Mama akajipapasa, hakuja na daftari. Akafungua mkoba, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akainyoosha kwa kiganja juu ya dawati. Nikauona mwandiko wake. Akaigeuza.

"Mwanangu," akaninong'oneza, "niazime kalamu."

Nikampa yangu. Kwenye upande usio na kitu akaandika siku na tarehe, juu kabisa, kwa herufi kubwa za mwalimu wa darasa la tatu, akapiga mstari chini yake. Kisha akainua uso, akasubiri nimsomee sentensi ya kwanza.