Nane Kwenye Karatasi, Nne Ndani

Anayetaka kumjua Obiajulu Anyadike aanze na karatasi zake. Katika duka lake pale Nsukka, kwenye njia ya lango la chuo kikuu, kila laptopu imebandikwa karatasi juu ya kifuniko. Imeandikwa kwa mkono, herufi zimesimama wima kama wanafunzi mstarini. Inasema prosesa ni ya namna gani, ram, kumbukumbu ya kufanyia kazi, ni kiasi gani, diski ina nafasi gani, na betri inakaa muda gani ukiwa unaandika tu na muda gani ukitazama filamu. Kisha inataja kasoro: kitufe kimelegea, kioo kina mkwaruzo, bawaba inalia. Mstari wa mwisho ni bei, na chini ya bei pana neno moja: haipungui.

Katika soko ambalo kubishania bei ni sehemu ya kusalimiana, neno hilo liliwachekesha watu. Jirani yake, mama mmoja auzaye asubuhi okpa ya moto, ule mkate wa njugu mawe, ndiye aliyempa jina la Haipungui, na jina likamganda.

"Haipungui, unauza laptopu au unauza roho za watu?" alimuuliza siku ya kwanza. "Hata mahari ya binti wa chifu hupunguzwa."

Obiajulu alicheka akitazama chini. Ni mtu wa maneno machache. Karatasi ndiyo iliyokuwa ikimsemea, na aliipenda kwa sababu hiyo.

Lakini karatasi hiyo haikuzaliwa Nsukka. Ilizaliwa Lagos, katika soko la kompyuta la Ikeja, kwenye duka la Madubuko, ambaye vijana wake walimwita Oga, yaani bwana mkubwa.

Obiajulu alipelekwa huko akiwa kijana, baba yake alipokwisha kuzikwa. Ami yake ndiye aliyemkabidhi, kwa mapatano ya watu wao: kijana atafagia, atabeba, atauza, hatalipwa mshahara, atakula alacho bwana wake. Miaka ikitimia, bwana wake atamsimamisha, yaani atampa mtaji wa kuanzia, hadharani, watu wakiona. Hapakuandikwa kitu. Kola, tunda la kufungia mapatano, ilimegwa, ikatafunwa, ikawa imekwisha.

Oga Madubuko hakuwa mtu mbaya wa kulea. Homa ya matumbo ilipomwangusha Obiajulu, ni Oga huyo huyo aliyembeba mgongoni akashuka naye ngazi za jengo lote hadi barabarani. Jicho la mama yake lilipoingia ukungu, Oga ndiye aliyelipia upasuaji. Tangu siku hiyo mama, aliyekuwa peke yake kijijini, hakuacha kumtaja Oga katika sala zake. Kila asubuhi alimpigia mwanawe simu, wakasali pamoja, na kabla ya kumaliza alisema: "Na umbariki Oga Madubuko, aliyenirudishia jicho." Obiajulu akaitikia amina. Aliitikia kwa moyo wote.

Laptopu walizouza zilikuwa za mitumba, zilizotumika maofisini Ulaya, zikafika kwa kontena zikiwa zimefutwa kila kitu. Majirani wao walizitia Windows ya wizi. Baada ya majuma machache mashine ilianza kutapika maonyo, na mteja akarudi na kaka zake. Windows ya halali nayo iliipandisha bei hadi mwanafunzi akageuza uso. Obiajulu alijifunza Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, kwa mwanafunzi mmoja aliyekuwa akija kuomba umeme wa jenereta yao. Akaona kwamba hailipiwi, haikuibwa kwa mtu, na ni nyepesi.

Oga hakutaka kusikia. Mteja akiona sura ngeni atakimbia, alisema. Ndipo Obiajulu, ambaye hakuwa na desturi ya kusema sentensi mbili mfululizo, akasema tatu.

"Oga, hii ni nyepesi. Hata ukitoa nusu ya ram, inaamka vile vile. Mteja hawezi kujua."

Alisema hivyo kwa kusifu, kama mtu anayemsifu mtoto kwamba hali sana. Oga alicheka, akampa mashine chache ajaribu. Ziliuzwa kabla ya Jumamosi. Laptopu nzuri, yenye ram ya gigabaiti nane na Linux yake tayari ndani, kwa naira laki moja na sitini elfu, na jirani zao wakiuza ya namna ile ile kwa zaidi ya laki mbili. Wateja walipoanza kuuliza maswali mengi, Obiajulu aliona haya kuyajibu, akaanza kuyaandika majibu kwenye karatasi. Basi karatasi ilitokana na haya. Sifa ya duka ikaenea, na Oga akaanza kumwita mwanangu mbele ya watu.

Mwaka wake wa mwisho ulipofika, Oga alimwita akamwambia achague mwenyewe mashine za kusimamishiwa. Thelathini.

"Chagua kama unayechagua mke," Oga alisema. "Usije ukanilaumu."

Alichagua kwa miezi. Kila kontena lilipofunguliwa alitoa moja, pengine mbili, akazipima, akazitia Linux, akaziandikia karatasi. Zote zilikuwa na ram ya nane, vibao viwili vya nne nne, kila kimoja mahali pake. Zilipokamilika zikawekwa kwenye katoni, katika ghala la nyumbani kwa Oga.

Siku ya kusimamishwa watu walijaa uani. Mama alisafiri kutoka kijijini, akacheza mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka. Kola ilimegwa, padri akabariki, Oga akazikabidhi katoni zikiwa zimefungwa kwa utepe, pamoja na fedha ya kodi ya duka. Mzee mmoja alitania kwamba mkwe hukagua ng'ombe kabla ya kumpokea, basi na kijana afungue hata katoni moja watu waone.

Obiajulu alikuwa amepiga magoti. Alisema, "Nitafunguaje zawadi mbele ya baba?" Watu wakapiga makofi. Kuhesabu ulichopewa na aliyekulea ni kumwita mwizi, na hapakuwa na mtu pale aliyefikiri vingine. Alishukuru, akashukuru tena, wakapigwa picha wakiwa wamekumbatiana.

Huko Nsukka aliwasha kila mashine kabla ya kuiweka mezani. Zote ziliamka upesi, kama alivyozijua. Hakutazama zaidi. Karatasi zilikuwa za mkono wake mwenyewe, aandike nini tena?

Wanafunzi walinunua. Kisha akaja Sista Perpetua, mkuu wa shule ya wasichana ya watawa, akanunua sita kwa mara moja. Hakuomba punguzo. Alisoma karatasi zote akiwa amesimama, akalipa.

Siku moja asubuhi alirudi na moja ya zile laptopu kwapani.

"Obiajulu, kaa," alisema, na Obiajulu akakaa, ingawa duka lilikuwa lake. "Hati hii ni ya nani?"

"Ni yangu, Sista."

"Na hapa umeandika ngapi?"

"Nane."

Aliwasha mashine, akafungua ukurasa unaoonyesha vilivyomo ndani, akamgeuzia kioo. Nne.

"Nilidhani ni macho ya uzee," Sista alisema. "Nikazitazama zote sita. Zote ni nne. Zina umoja wa ajabu, kama mitume kabla ya jogoo kuwika. Wasichana wakifungua kazi mbili pamoja, zinasimama."

Obiajulu alichukua bisibisi. Vidole vyake vilijua skrubu zile, lakini siku hiyo moja ilimponyoka ikaviringika chini ya meza. Alipofungua mgongo wa mashine aliona kibao kimoja cha ram, na pembeni yake nafasi ya cha pili, tupu, safi bila vumbi.

"Nilinunua kwako bila kubishana," Sista alisema, "kwa sababu niliambiwa mwenye karatasi hizi hasemi uongo. Sitakutaja kanisani. Ila wasichana wangu wameona, na midomo ya wasichana haina kufuli."

Alipoondoka, Obiajulu alifunga mlango, akazifungua zilizobaki. Kila moja ilikuwa na nafasi tupu. Alijaribu kufikiri kwamba zilifunguliwa njiani, kwenye basi. Lakini ni yeye aliyekata ule utepe, na ulikuwa haujaguswa. Ghala lilikuwa la Oga, na ufunguo wa Oga. Akakaa sakafuni. Windows ingemwambia siku ile ile, kwa sababu ingejikokota. Linux ilikuwa imeubeba wizi bila kulia, na sentensi zake mwenyewe zikamrudia, zile tatu alizomwambia Oga akiisifu Linux.

Akapanda basi kwenda Lagos.

Oga alimpokea nyumbani kwake kwa mikono miwili. Akaagiza nyama ya mbuzi na kinywaji baridi, akawaambia majirani huyu hapa mwanangu, mtu mkubwa wa Nsukka. Obiajulu alikula asisikie ladha. Nyama ilipokuwa imebaki mifupa, alisema.

"Oga, mashine zangu zimetolewa ram."

"Nilikupa mashine thelathini. Ulipata ngapi?"

"Thelathini."

"Zinawaka?"

"Zinawaka, Oga."

"Basi?"

"Karatasi zinasema nane."

Oga alichokoa jino taratibu. "Karatasi uliandika wewe. Mimi sikuandika hata nukta." Kisha sauti yake ikalainika, na huo ulaini ulikuwa mbaya zaidi. "Obi, mwanangu. Mwaka ule dola ilinipiga. Kontena lilikwama bandarini, vibao vya ram vikawa kama dhahabu. Ningekusimamisha na nini? Nikakumbuka kijana wangu ana akili. Si wewe uliyenifundisha kwamba ukitoa nusu mteja hawezi kujua?"

"Ungeniambia."

"Ungekubali?"

Angekubali. Angesema toa, Oga, toa zote, ulinibeba mgongoni.

"Ningekubali," alisema. "Ningeandika nne."

Oga alimtazama kama aliyesemeshwa lugha ya mbali. Kisha akampiga-piga begani, akasema mambo ya zamani hayafukuliwi, kola imekwisha kuliwa, watu waliona, picha ipo, mama alicheza. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayemweleza mtoto kwamba mvua inalowesha.

Wakati wa kuaga, Madam Uzoamaka, mkewe Oga, alileta chakula cha njiani kilichofungwa vizuri. Ndiye aliyempikia kwa miaka yote ya utumishi wake. Alimkabidhi akitazama ukuta. Obiajulu akaelewa kwamba naye alijua, na kwamba vibao vile vilitolewa humo humo nyumbani, juu ya meza yao ya kulia, ile aliyokuwa akiifuta kila siku baada ya chakula.

Alirudi Nsukka akabandua karatasi zote. Akaandika mpya. Penye nane akaandika nne, na bei akaishusha. Fedha ya kodi ya mwaka unaofuata aliitoa akanunua vibao sita, akavipeleka shuleni, akavipachika mbele ya Sista Perpetua. Alipomaliza, Sista akauliza ni nani aliyemfanyia hivi. Obiajulu alisema ni makosa ya hesabu. Aliwatafuta wanafunzi waliokwisha kununua. Baadhi walikuja kuchukua fedha ya tofauti. Wengine walicheka kwenye simu. Mmoja alimwambia alijua tangu mwanzo kwamba mtu mwenye utakatifu wa namna ile lazima ana jambo.

Mama wa okpa alizisoma karatasi mpya akiwa na sinia kichwani.

"Kumbe inapungua," alisema.

Siku nyingine Obiajulu angecheka. Aliendelea kupanga waya za chaja, na mama wa watu akaona uso wake, akamwachia okpa moja mezani, akaondoka bila kudai chochote.

Neno haipungui halikuandikwa tena. Duka halikufa. Mashine za nne nazo zina watu wake, na Linux haikuacha kuwa nyepesi. Lakini sasa, kabla mteja hajalipa, Obiajulu humfungulia mgongo wa mashine aone kwa macho yake, na anapofungua hutazama kando, kama mtu anayevuliwa nguo.

Mama hakuambiwa. Ataambiwa nini, na kwa jicho la nani ataitazama habari hiyo? Kila asubuhi simu iliita, wakasali, akamtaja Oga, na Obiajulu akaitikia. Ila amina ilikuwa ikichelewa kidogo kidogo.

Asubuhi moja alikuwa na bisibisi mkononi na laptopu imelala kifudifudi mbele yake. Mama alisali kwa ajili ya mvua, kwa ajili ya wagonjwa, kwa ajili ya mke ambaye Obiajulu hajamwoa.

"Na umbariki Oga Madubuko," alisema, "aliyenirudishia jicho, akampa mwanangu alichomwahidi."

Alingoja amina.

"Obi? Mtandao umekatika?"

"Nakusikia, mama."

"Basi itikia, mwanangu."

Aliitazama ile nafasi tupu kando ya kibao.

"Mama, mteja amefika," alisema, akakata simu.

Dukani hapakuwa na mtu.