Meno ya binti yangu yalitobokea kwa bibi yake, je mdogo wake naye apelekwe?

Wakuu, salamu kutoka Sumbawanga, ambako upepo wa leo unataka kuondoka na mabati yetu.

Nina jambo la nyumbani kwangu nataka kuwasimulia. Sitatia chumvi, maana wahusika wote ni watu wangu na wapo hai.

Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti na madirisha. Nina watoto wawili, Neema anayekaribia miaka minne na mdogo wake Baraka. Mama yangu mzazi yuko upande wa Mwimbi, analima mahindi na ulezi.

Kwetu mtoto akifika umri wa kuachishwa ziwa anapelekwa kwa bibi. Akibaki na mama yake atalia, mama atamwonea huruma, na kuachishwa hakutafika. Kwa bibi ziwa halipo, basi anasahau.

Neema alipelekwa hivyo hivyo.

Sasa bibi naye ana moyo. Neema akililia ziwa usiku, mama yangu alimpa chupa ya uji mwembamba wa ulezi, umekolea sukari, alale nayo mdomoni. Mtoto ananyonya, anasinzia, anashtuka, ananyonya tena. Mama alijisifu kijiji kizima kwamba mjukuu wake halii. Na kweli, Neema alirudi na mashavu kama maandazi.

Ila meno ya mbele ya juu yalikuwa na mistari myeupe karibu na ufizi. Hatukuitilia maanani. Baadaye ikawa ya kahawia, na kila tuliyemuuliza alisema hayo ni meno ya utoto, yatang'oka tu, mnahangaika nini.

Baridi ya Julai ilipoingia, Neema akawa anakunywa maji huku analia. Ikafika mahali akiona kikombe anaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Waifu akasema inatosha, tukaenda hospitali.

Daktari wa meno, dada mmoja mpole, alimlaza mtoto mapajani kwa mama yake, akainua mdomo wa juu, akaangalia. Akauliza, "Huyu alikuwa analala na chupa?"

Nilichoelewa ni hiki. Kinywani kuna vijidudu vinavyokula sukari na kutoa tindikali, na tindikali hiyo ndiyo inayolila jino. Mchana mate yanasaidia kuosha. Usingizini mate yanapungua, kwa hiyo uji wa sukari unakaa hapo hapo mpaka asubuhi. Meno ya chini yalipona kwa sababu ulimi huyafunika mtoto anaponyonya.

Na hayo tunayoyaita ya utoto yanashikilia nafasi ya meno ya ukubwani. Yakitoka mapema, yanayofuata yanaweza kuota ovyo.

Mawili yaling'olewa, mengine yakazibwa. Neema alilia, waifu akalia, mimi nikatoka nje kukagua pikipiki ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Kazi ikaanzia hapo, kwa sababu Baraka naye alikuwa amefika umri wa kuachishwa. Waifu akaniambia kwa ile sauti ya chini ninayoiogopa kuliko ya juu, "Baba Neema, huyu haendi Mwimbi."

Wakuu, kumnyima mama mjukuu wa kuachisha ni sawa na kumwambia hafai tena kuitwa bibi. Nikampigia simu, nikazungukazunguka na maneno. Akanikatisha. "Ni meno ya Neema, siyo?" Kisha akakata simu. Nikajua imemuuma sana.

Tukawa tunasubiri tuitiwe kikao cha ukoo. Badala yake mama akashuka stendi mwenyewe, na unga wa ulezi kichwani. Alipofika nyumbani hata kiti hakutaka.

"Nipeleke kwa huyo daktari, nimsikie kwa masikio yangu."

Hapa ndipo nilipoanza kumvulia kofia. Mwingine angenuna, angewapigia simu mashangazi, angesema mbona nyinyi mlikula sukari na meno mnayo.

Kwa daktari, mama aliuliza bila haya. "Mimi tangu zamani nasikia ni mdudu anatoboa jino. Wewe umemwona?" Daktari akamjibu mdudu wa namna hiyo hayupo, vilivyopo ni vijidudu visivyoonekana kwa macho, na chakula chao ni sukari.

Mama akafikiri. "Kwa hiyo nilikuwa navilisha usiku kucha." Akamwangalia Neema, machozi yakamlenga.

Halafu akauliza swali ambalo mimi na waifu na usomi wetu wa kuunga unga hatukuwahi kuliwaza. "Sasa huyu mdogo akililia ziwa usiku, nimpe nini? Maana kulia atalia."

Daktari akasema apewe maji matupu, kwa kikombe. Uji anywe jioni, usio na sukari, apigwe mswaki, na baada ya mswaki ni maji tu mpaka asubuhi. Mswaki mara mbili kwa siku tangu jino la kwanza linapochomoza, na mkubwa ndiye anayempigia. Dawa ya meno yenye floraidi, madini yanayokaza jino, kiasi cha punje ya mchele kwa Baraka, na cha punje ya njegere akishafika miaka mitatu. Na uwe unainua mdomo unachungulia. Ukiona mistari myeupe wahi hospitali, maana hapo jino bado linaweza kuokolewa.

Mama akabaki kwetu kwanza, akawa anajifunzia kupiga mswaki kwa Neema. Anakaa kwenye mkeka, kichwa cha mtoto mapajani, anaimba wimbo wa Kifipa, na mpaka wimbo uishe hakuna jino lililorukwa. Kwangu mtoto huyo huyo hafungui mdomo ng'o. Niliona wivu kidogo. Sukari ya uji akaiondoa, akaweka karanga za kusaga. Nikaonja, siku hizi nami sinywi mwingine.

Waifu alikuwa anayaona yote hayo.

Siku ya kuondoka mama hakuomba kitu. Alimbeba Baraka, akamuaga, akamnyooshea mama yake ampokee. Waifu hakumpokea. Aliingia ndani akatoka na kibegi cha nguo na mswaki wa mtoto. "Mama, nenda naye."

Mama akakipokea kile kibegi kwa mikono miwili.

Baraka alilia sana siku za mwanzo, tuliambiwa kwenye simu. Mama alimfunga mgongoni akawa anazunguka naye chumbani mpaka alale, kwa maji tu. Mama na umri wake ule, na baridi ile, wakati chupa ingemaliza kelele mara moja. Nampenda mama yangu siku zote, lakini kwa hili nilimheshimu upya.

Tulipoenda kumchukua mtoto, waifu alishuka kwenye pikipiki kabla sijaizima. Akampita mama aliyesimama mlangoni, akamnyanyua Baraka, akainua mdomo wake. Kwetu kumpita mama mkwe bila salamu ni kosa la kuitiwa wazee. Mimi nikabaki nimeshika usukani.

Akaangalia juu, akaangalia chini, akapitisha kidole. Yote meupe, mazima.

Mama alikuwa anasubiri tu. "Umemaliza kukagua?"

"Nimemaliza, mama."

"Haya, sasa nisalimie."

Waifu akapiga magoti pale pale kwenye vumbi, mtoto mkononi. "Shikamoo mama." Mama akaitikia marahaba, na waifu hakuinuka haraka.

Ninachoondoka nacho ni kwamba anayemlaza mtoto usiku ndiye wa kukaa mbele ya daktari. Sisi tulitaka kumwadhibu mama kwa jambo ambalo hakuna aliyewahi kukaa naye akamweleza.

Kwenu mtoto anaachishwa na nani, na usiku akilia anapewa nini? Semeni ukweli, hata kama bibi yupo chumba cha pili.